Sinia la vitafunio la kupangwa kwa nusu saa

Mara ya kwanza kuandaa sinia la vitafunio kwa wageni, niliwahi mno. Wageni walikuwa waje saa moja jioni. Saa saba mchana nilikuwa nimeshakata matango, nimeshazungusha biskuti za chumvi duara zuri, nimeshaweka jibini katikati na stroberi pembeni, nikafunika kwa nailoni na kulisukuma sinia ndani ya friji. Nilipolifunua jioni, biskuti zilikuwa zimelegea kama kadibodi iliyonyeshewa, matango yanaogelea, na stroberi zimeacha madoa mekundu juu ya jibini jeupe. Picha niliyopiga saa saba mchana bado ni nzuri.

Tangu siku ile nina imani moja kuhusu sinia: adui wake ni maji. Maji ndiyo yanayolegeza biskuti, yanayoteleza juu ya jibini, yanayochuruzika kutoka kwenye zabibu ambazo hazikukaushwa hadi chini ya mkate. Ukishalijua hilo, maswali mengi yanajijibu yenyewe: kipi kikatwe jana, kipi kikatwe dakika ya mwisho, kipi kikae kwenye kibakuli na kipi kiachwe wazi. Ndiyo maana pia sinia linapangwa haraka. Vikavu na vyenye majimaji havitakiwi kukaa pamoja muda mrefu kabla ya mgeni kufika.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Jiulize kwanza: baada ya sinia kuna mlo, au sinia lenyewe ndilo mlo? Kama watu watakaa mezani kula chakula kamili baada ya saa moja hivi, mgeni mmoja anatosheka na vipande 4 hadi 6. Kama sinia ndilo chakula cha jioni nzima, hesabu 10 hadi 12. Kipande ninachokisema ni cha kutia kinywani mara moja, mbili zikizidi: upana wa sentimita 3 au 4. Mgeni ameshika glasi mkono mmoja. Ukimpa kitu cha kung'ata mara nne chenye nyanya juu yake, nyanya itaishia kwenye shati.

Kwa uzito, pale mlo unapofuata mimi hutumia gramu 50 za jibini na gramu 50 za nyama baridi, ile ya kuliwa bila kupika kama salami au soseji kavu, kwa kila mtu. Watu 10, basi, ni nusu kilo ya kila kimoja. Asiyeweka nyama apandishe jibini hadi gramu 80 na aongeze mboga za kuchovya. Mchuzi mzito wa kuchovyea uwe vijiko vikubwa 2 au 3 kwa mtu, yaani kama mililita 400 kwa watu 10. Mkate na biskuti, vipande 6 kwa mtu, na hapo usibane mkono, maana ndivyo vinavyobeba vingine vyote. Sinia la sentimita 30 kwa 45 linawatosha watu 8 hadi 10 bila vyakula kupandana.

Halafu uliza. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: kuna kitu huli? Wapo wanaodhurika na karanga, lozi au korosho, wapo wasiopatana na maziwa, ngano au ufuta, na wapo wasiogusa nyama kabisa. Mjamzito hushauriwa kuepuka jibini laini la maziwa mabichi na nyama baridi ambazo hazijapashwa moto, kwa sababu ya bakteria wa listeria, ambao hawakomi kukua hata ndani ya friji. Majibu ukishayapata, hamishia vyote vya jamii ya karanga kwenye kibakuli chao, na kama yupo anayedhurika navyo sana, viondoe kabisa. Punje moja iliyoangukia kwenye jibini ni tatizo kwa mtu huyo.

Cha kununua

Kanuni yangu: kitu kimoja cha kupika, kimoja cha kuchanganya, vilivyobaki vyote viwe vya kukata na kupanga. Ukijikuta una sufuria tatu jikoni, umeshahama kwenye sinia na kuingia kwenye karamu, na karamu haiishi kwa nusu saa.

Jibini aina tatu zinatosha. La nne halikumbukwi na mtu. Chukua moja laini la kupakika kama brii, moja la wastani la kukatika vizuri kama cheda au gauda, na moja gumu la kumeguka kama parmesani. Nyama aina mbili: moja ya slesi nyembamba za kukunjika, nyingine ya kukata vidonge, mfano soseji kavu.

Baada ya hapo tafuta vitu vya kuyapinga mafuta. Jibini na nyama zote ni chumvi na mafuta, na ulimi huchoka upesi. Zeituni na achari ya matango madogo huleta ukali unaousafisha mdomo. Zabibu, tende, tini, asali au jamu huleta utamu. Lozi, korosho na karoti huleta kitu cha kutafuna. Mtu akizunguka sinia lenye vyote hivi hurudi tena bila kujua kwa nini.

Rangi itazame mambo yakiwa bado kwenye kikapu. Jibini, mkate, biskuti na korosho vyote viko kwenye ukoo mmoja wa manjano na kahawia, na watu hushangaa kwa nini sinia lao limepauka. Chukua angalau kitu kimoja chekundu kilichoiva, mfano nyanya ndogo, komamanga au figili, na shada la majani mabichi, mnanaa au mrehani.

Usiku wa kuamkia sherehe

Kazi mbili tu. Ya kwanza ni mchuzi wa mtindi. Chukua nusu kilo ya mtindi usio na sukari wala ladha, changanya na nusu kijiko cha chai cha chumvi, umimine kwenye kitambaa safi kilichotandikwa ndani ya chujio, chini yake bakuli, kisha friji hadi asubuhi. Ukiamka utakuta bakuli lina maji ya kijani hafifu na kitambaani kumebaki mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko, kama nusu ya ulioanza nao. Kwangu mimi hapo ndipo sinia linapoanza kufanikiwa: maji yameshatoka kabla hayajakuletea balaa. Saga punje ndogo moja ya kitunguu saumu, tia maji ya limau vijiko 2 vya chai, majani ya mnanaa yaliyokatwakatwa, na mafuta ya zeituni wakati wa kuandaa. Kitunguu saumu kisizidi. Kikikaa hadi jioni huongezeka ukali, kwa hiyo kilichoonekana kidogo asubuhi jioni kitasikika. Kwa watu 10 fanya vipimo hivi mara moja na nusu.

Ya pili ni mkate. Mkate mrefu mwembamba ukate slesi za unene wa sentimita 1, paka mafuta kidogo pande zote mbili, panga kwenye trei bila kupandana, oveni nyuzi 190 za Selsiasi, dakika 8 hadi 10, ukigeuza katikati. Ukitoa, weka juu ya wavu. Ukiuacha kwenye trei, mvuke wake unarudi chini yake na upande mmoja unakuwa laini. Subiri upoe kabisa, kabisa, kisha funga kwenye chombo chenye kifuniko. Wenye haraka huufunga ukiwa na uvuguvugu, na kesho yake wanalaumu oveni.

Ukipanga kuweka kitu chenye unyevu juu ya mkate huo, mfano nyanya au samaki wa kuvutwa moshi, pakaza kwanza siagi au jibini la kupaka hadi ukingoni. Wafaransa waliviita vipande vya namna hii kanape, neno lao la kochi, kwa kuwa kilicho juu kimeketi kama mtu kwenye kochi. Mafuta ndiyo mto wa kochi hilo: hayapitishi maji, kwa hiyo mkate unabaki mkavu kwa muda wa kutosha.

Mchana wa siku yenyewe

Osha matunda na mboga zote sasa, na uzikaushe. Sisemi kukung'uta tu. Tandika taulo safi, mwaga zabibu juu yake, zikunje kama unayemkausha mtoto, halafu ziache wazi nusu saa. Kata kishada kwa mkasi viwe vishada vidogo vya zabibu 4 hadi 6, ili mgeni achukue chake bila kunyofoa moja moja. Kama kutakuwa na watoto wadogo, zao na nyanya ndogo zikate kwa urefu mara nne. Zikiwa nzima ni mviringo unaoziba koo la mtoto wa chini ya miaka mitano kwa urahisi. Na asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Karoti na seleri zikate vijiti vya urefu wa kidole, uziweke kwenye maji baridi ndani ya friji. Hivi viwili vinapenda maji, vinakaza na kuwa vya kuvunjika mdomoni. Vikaushe kabla ya kupanga.

Jibini gumu na la wastani unaweza kulikata mchana na kulifunika vizuri. La laini usiliguse.

Nusu saa yenyewe

Kabla ya kuanza, dakika 45 hivi kabla ya watu kula, toa jibini kwenye friji. Jibini la baridi halina harufu wala ladha, mafuta yake yameganda. Lakini liache ndani ya karatasi yake mpaka lipoteze baridi. Hewa ya joto ikigusa kitu baridi huacha umande, na ni afadhali umande huo uwe juu ya karatasi kuliko juu ya jibini. Nyama nayo ibaki ndani ya friji hadi utakapoihitaji.

Mozarela ndogo, lile jibini jeupe laini linalouzwa ndani ya maji, kama umenunua, imwage maji yake na uiweke kwenye tishu za jikoni sasa hivi, ijikaushe wakati ukifanya mengine. Tango nalo: lipasue kwa urefu, kwangua mbegu kwa kijiko, kata, nyunyiza chumvi, liache dakika 10 kwenye chujio. Utaona maji linayotoa. Yote hayo yangekuwa kwenye biskuti zako. Lifute na uendelee.

Sasa vibakuli. Vitatu, vyenye ukubwa tofauti: cha mtindi, cha zeituni, cha jamu au asali. Viweke sehemu tatu zilizo mbali mbali ila visikae kwenye mstari mmoja, wala katikati kabisa ya sinia. Hivi ndivyo nguzo, na vingine vyote vitaegemea hapo. Kila chenye majimaji kikae ndani ya kibakuli, zeituni zikiwa zimechujwa, na usisahau kibakuli kitupu cha kokwa. Kikikosekana, kokwa zinarudi sinia.

Kisha jibini, kila aina pembe yake. Brii iache nzima lakini kata kipande kimoja kama cha keki na ukivute nje kidogo. Watu huogopa kuwa wa kwanza kuharibu kitu kizuri. Ukishaharibu wewe, wanakuja. Kisu kichovye kwenye maji ya moto na ukifute kikauke, kitapita bila kung'ang'ania. Cheda ikate pembetatu za unene wa milimita 5 na uzilaze zikiegemeana kama kadi zilizoanguka. Parmesani usiikate. Choma ncha ya kisu kigumu ndani yake, zungusha, imeguke yenyewe. Vipande visivyolingana ndivyo vinavyopendeza, na kila ukingo uliomeguka una ladha zaidi ya ule uliokatwa laini.

Nyama ndiyo inayowafanya watu waulize "umeinunua wapi hii?", kumbe kazi yake ni ya dakika mbili. Chukua glasi yenye mdomo mwembamba, sentimita 5 hivi, na slesi 10 au 12 za salami zilizotoka friji sasa hivi. Ning'iniza slesi ya kwanza ukingoni, nusu ndani ya glasi, nusu nje, ubonyeze kwa kidole gumba ishike. Ya pili ifunike nusu ya ile ya kwanza. Zunguka hivyo hivyo, mzunguko wa pili juu ya wa kwanza, hadi slesi ziishe. Pindua glasi juu ya sinia, bonyeza kidogo, vuta glasi polepole kwa kuizungusha. Linabaki ua. Likikunjuka, nyama imepata joto na mafuta yameanza kuteleza. Irudishe friji dakika kumi, ujaribu tena. Maua mawili au matatu yanatosha, manne yanageuka pambo la keki. Zilizobaki zikunje mara mbili na uzirundike ovyo ovyo. Soseji kavu itafuata pembeni, vidonge vikitiririka kama vimemwagika.

Vijiti vya meno ndivyo vinavyofuata, kama una muda: nyanya ndogo, jani zima la mrehani, mozarela moja. Jani usilikate, lililokatwa kwa kisu butu huwa jeusi. Kama huna muda, vipe mgongo uende kwenye tende, ambazo mimi hupenda zaidi hata hivyo. Pasua tende upande mmoja, toa kokwa, jaza jibini la kupaka kijiko kidogo, bandika lozi moja juu. Utamu, chumvi na kitu cha kutafuna ndani ya tonge moja, na haitoi tone la maji. Sijawahi kuziona zikibaki.

Matunda na mboga zijaze nafasi zilizobaki. Kila rangi itokee sehemu mbili, siyo moja, na nyekundu isikae karibu na jibini jeupe bila kitu kati yao. Weka jani au rundo la korosho kama ukuta. Komamanga na stroberi ndizo zinazovuja rangi. Tufaha na pea ndizo za mwisho kukatwa, maana nyama yake ikikutana na hewa hubadilika kahawia ndani ya dakika chache. Zitumbukize kwenye kikombe cha maji chenye kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau, dakika 3 hadi 5, kisha, naam, zifute.

Korosho na lozi zimwage kwenye mianya myembamba iliyobaki. Sinia tupu huonekana la kimaskini hata likiwa na jibini la bei mbaya, na wachache huelewa kwamba kinachofanya kazi hapo ni viganja viwili vya korosho. Mwisho majani: machache, mabichi, yaliyochomekwa pembeni ya vitu, yasitandikwe chini. Majani yaliyotandikwa chini yanabaki na unyevu na yanafanya kila kitu kiteleze.

Biskuti na mkate bado havijaingia. Acha nafasi yake, njia iliyopinda kutoka pembe moja hadi nyingine, na uijaze kengele ya mlango ikilia. Nyingine ziweke kwenye sahani ya pembeni, kwa sababu huisha kwanza kila mara. Kila jibini lipate kisu chake, kila kibakuli kijiko chake, na leso za karatasi zikae upande anaotokea mgeni, wala siyo nyuma ya sinia ambako lazima apitishe mkono juu ya chakula.

Likishafika mezani

Vyakula vya maziwa na nyama visikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na hewa ikizidi nyuzi 32, saa 1 tu. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 4 na 60, na harufu ya chakula haikuambii lolote. Kwa hiyo kwa watu wengi mimi sipangi sinia moja kubwa. Napanga mawili madogo, la pili likiwa ndani ya friji, limefunikwa, bila mkate wala biskuti juu yake. La kwanza likianza kuonyesha mifupa, naliondoa lote na kuleta la pili. Kujazia vipya juu ya vya zamani ni kosa la kawaida: kipande kilichokaa saa mbili kinajificha chini ya kilichotoka friji sasa hivi, na hakuna anayejua kipi ni kipi.

Sherehe ikiisha, nyama, jibini laini na mchuzi wa mtindi vilivyopita muda wake vitupe bila huruma. Lozi, korosho na biskuti zilizokuwa kwenye sahani yao ya pembeni ni salama, ila biskuti zitakuwa zimenywa unyevu wa hewa. Zipitishe kwenye oveni nyuzi 150 kwa dakika 5, ziache zipoe, zitavunjika tena kama jana.